Siku Alipolidanganya Sefu

Mgeni gani huyo asiyebisha hodi, akiingia huhamisha viti, na akitoka hakumbuki alichovunja? Anayemjua asiwajibie wenzake. Asiyemjua abaki na mji wake, hautakiwi. Asogee tu karibu, maana asubuhi moja ya Jumanne mgeni huyo aliingia katika duka la kubadilishia fedha, akajikalia kwenye kifua cha mwanamke waliyemwita Pua.

Jina hilo alipewa na marehemu baba yake, mwenye duka. Si kwamba pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa ya kawaida, ya kushikilia miwani tu. Lakini alikuwa akinusa bei kabla haijafika. Miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya kile kioo kinene chenye tundu chini la kupitishia noti, na kabla ya kutazama noti alitazama mikono iliyozileta. "Noti inasema bei ya jana," alikuwa akisema. "Mikono ndiyo inayosema ya kesho."

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja na kichumba. Mbele kulikuwa na benchi la wateja, ubao wa bei, taa ya zambarau ya kukagua noti bandia, na mashine ya kuhesabia iliyokohoa kama mzee mvuta tumbaku. Kichumbani lilikaa sefu la kijani, zito kuliko ndoa mbaya. Liliingia kabla ukuta haujajengwa, na kwa mlango ule lisingetoka tena.

Sefu lile lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao Pua, wa pili kaka yake. Tena halikufunguliwa hivihivi. Baba yao alikuwa ameona wafanyabiashara wengi wakifilisika, na kila aliyefilisika alikuwa anajua hesabu vizuri sana. Akawawekea wanawe sharti. Kabla ya funguo kuingia, mmoja amuulize mwenzake, "Hali?" Na jibu lisiwe la adabu kama la barabarani. Liwe la moyoni. Ukiwa na hasira, sema hasira. Ukiwa na hofu, sema hofu. Ukiwa na tamaa, itaje kwa jina lake. Likitajwa lolote kati ya hayo, sefu hulala mpaka kesho, hata mteja awe amesimama na magunia ya fedha. Waliiita salamu ya sefu. Siku Kaka alipopata mchumba alijibu, "Hali? Nina furaha mpaka masikio yanawasha!" Baba yake, ambaye enzi hizo ndiye aliyeshika ufunguo wa pili, akaurudisha mfukoni. "Hiyo nayo ni homa," alisema. "Kalale."

Basi mwaka huo akarudi mtoto wa Kaka. Mwanaume wa miaka thelathini, kasoma mpaka kasoma, kaja na skrini pana kama meza ya kukatia nguo. Juu ya skrini kulikuwa na mstari mwekundu uliopanda na kushuka, naye kutwa aliukodolea macho. Haikupita wiki Pua akawa ameshambatiza jina: Mchoro. Wateja nao wakalidaka.

Mchoro alibandika karatasi ukutani: HISIA ZIBAKI NJE.

"Na mimi nibaki wapi?" Pua aliuliza.

"Shangazi nawe! Ni msemo tu. Biashara ya fedha inataka kichwa baridi."

"Kichwa baridi nilimwona nacho marehemu Baba, siku tulipomzika."

Kaka alicheka, lakini karatasi haikubanduliwa.

Jumatatu ile kabla ya Jumanne, Pua aliona mambo matatu. La kwanza, watu watano waliuliza bei ya dola wakaondoka bila kubadilisha hata senti. Mtu asiye na kiu akianza kuulizia kisima, ujue amesikia habari za ukame. La pili, fundi wa majokofu, ambaye kila mwezi huuza dola anazotumiwa na dada yake, alizitoa mfukoni, akazitazama, akazirudisha. "Zikae kidogo," alisema, wala hakujua kwa nini. La tatu ndilo lililomkaza Pua tumbo upande wa kushoto. Alikuja mke wa muuza spea za magari. Siku zote humtuma karani wake, na karani yule hubishana bei mpaka mate yamkauke. Leo mama mwenyewe, kashuka garini na mkoba wake, akanunua dola elfu nne kwa bei ya ubaoni, kimya, kama anayenunua nyanya mbili. Kisha akauliza, "Mna kiasi gani zaidi?"

Asiyebishana bei anajua kitu. Pua akamwambia zimekwisha. Uongo mtupu, sefuni zilikuwepo dola elfu arobaini na sita, mtaji wote wa duka.

Jumanne asubuhi akamkuta mama yuleyule amekaa kwenye benchi, na Mchoro anammiminia chai.

"Shikamoo shangazi. Leo tunaandika historia."

"Marahaba. Historia ipi hiyo ya kuandikwa kabla sijavua mtandio?"

Kaka ndiye aliyemweleza, huku akisugua viganja. Mstari wa Mchoro ulisema dola imefika kileleni na kufikia Ijumaa itakuwa imeanguka. Kwa hiyo wauze zote leo kwa bei ya juu, Ijumaa wazinunue tena kwa bei ya chini. Mtaji unarudi, faida inabaki mkononi.

"Kaka, usiuze," Pua alisema. "Dola inapanda."

"Nani kasema?"

Pua akamvuta kichumbani, akapunguza sauti. "Huyo mama aliyeko benchini."

"Amekwambia?"

"Hajaniambia kitu. Ndiyo maana najua."

Mchoro, aliyekuwa amewafuata, aliangua kicheko. Kilikuwa kicheko kirefu, chenye mkia. "Baba, unasikia? Hajaambiwa kitu, ndiyo maana anajua! Shangazi, hiki si chungu cha mchuzi, uonje kwa ulimi useme chumvi imezidi. Hapa kuna takwimu za miaka kumi."

"Na mimi nina za miaka ishirini na miwili."

"Ziko wapi? Tuonyeshe."

Ziko wapi? Zilikuwa kwenye vidole, kwenye tumbo, kwenye nyayo zake zilizokuwa zimeanza kupata baridi. Angezionyeshaje? Na hapo ndipo mgeni wetu alipoingia, taratibu kwanza, akakunja miguu.

"Mwanangu," Pua alisema, "wewe unasema *lazima* ishuke. Tangu juzi ni lazima, lazima. Mtu haliambii soko lazima. Mtu humwambia lazima aliyemdhulumu. Soko lilikufanya nini?"

Kicheko cha Mchoro kikakatika kama uzi. Goti lake likaanza kuruka. Pua aliliona, akataka kulishika hilo neno na kulivuta mpaka mwisho wake, lakini Kaka alikuwa ameshapandisha sauti, na mlango wa kichumba ulikuwa wazi, na mama wa benchini alikuwa na masikio mawili mazima.

"Basi, basi! Umemchokoza mtoto vya kutosha. Unajua tatizo lako ni nini? Unadhani Baba alikupa ufunguo kwa sababu ya hiyo pua. Baba alikupa kwa huruma. Ulirudi nyumbani umeachika, na sanduku moja, unalia kutwa. Akaona akupe cha kushika. Ndiyo hivyo. Kila mtu anajua."

Kwenye benchi, kikombe kiligusa sahani.

Kuna maneno ambayo yakishatoka hata aliyeyasema huyatazama kwa mshangao, kama mtu aliyetapika. Kaka alifuta mdomo. Pengine angeomba radhi angepewa nafasi, lakini Pua hakumpa. Mgeni alikuwa ameshasimama, anapasua vyombo chumba kwa chumba.

Kwa huruma! Miaka ishirini na miwili ya kuamka kabla ya jogoo kujua jina lake. Ile mara wezi wa noti bandia walipokuja wamevaa kama mashehe, nani aliwatambua? Mwaka ule dola ilipoanguka, nani aliyesema uzeni leo, na wakauza, na maduka matatu ya mtaa ule yakafungwa wao wakabaki? Leo, mbele ya mke wa muuza spea, ameambiwa alipewa ufunguo kama mtoto anavyopewa kijiko achezee.

Angeweza kusema la. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Bila yeye sefu lisingefunguka. Angeweza hata kusema neno moja tu, "Hasira," na kwa sharti la baba yao mlango ungelala mpaka kesho, na kesho ingetosha. Alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda kisogoni mwake.

Kaka alikwisha kuchomeka ufunguo wake. Akauliza kwa mazoea, bila kumtazama, "Hali?"

Pua akatabasamu.

"Salama," alisema.

"Na wewe mwanangu?"

"Mimi sina hali," Mchoro alijibu. "Mstari ndio wenye hali."

Pua akazungusha ufunguo. *Chukueni. Uzeni mpaka vumbi. Nataka niwaone Ijumaa.* Mashine ya noti ikakohoa asubuhi nzima, mama wa spea akaondoka na mkoba mzito, na hakusahau kusema asante.

Jumatano mambo yalikuwa shwari, na Mchoro akapiga mluzi. Alhamisi kabla ya adhuhuri dola ikapanda. Mchoro akasema ni pumzi ya mwisho. Alasiri ikapanda tena. Ijumaa, siku ya kuvuna, ilikuwa imeruka mpaka watu wakawa wanasimama nje ya maduka wakitazama mbao za bei kama watazamavyo nyumba inayoungua. Fedha waliyopewa kwa dola mia, sasa ilinunua sabini na mbili. Na sabini na mbili zenyewe hazikupatikana, kwani nani auze?

Ukweli na usemwe. Alhamisi ile Pua alifurahi. Alipika, akala akashiba, akajipaka mafuta miguuni huku akiimba. Utamu uliomjaa mdomoni haukuwa wa kawaida. Ilipofika Ijumaa jioni akamwona Kaka anafuta ubao wa bei kwa mkono wa shati, taratibu, namba moja moja, kwa kuwa duka lisilo na dola halina bei ya kuandika. Utamu ukageuka shubiri. Akaanza kuwa na hasira na huyo aliyeimba Alhamisi. Hasira ya kumkasirikia mwingine ina pa kwenda. Unaweza kubamiza mlango. Hii haikuwa na mlango.

Jumatatu akawakuta wawili hao wameinamia meza. Kati yao palikuwa na bahasha ya kahawia aliyoijua. Ilikuwa inakaa chini ya godoro la mama yao. Ndani yake mlikuwa na hati ya nyumba, ile nyumba ambamo mama yao, mwenye miaka themanini na moja, saa ileile alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele bila habari yoyote.

"Imetokaje huku?" Pua aliuliza.

Kaka hakuinua macho. "Ni ya muda mfupi. Benki watatukopesha. Mchoro amehesabu, dola imepanda kupita kiasi, lazima irudi. Tukopeshwe, tununue—"

"Tununue leo, ilivyo juu hivi?"

"Hapana shangazi, hujaelewa, hata Baba hajaelewa," Mchoro alidakia. Macho yake yalikuwa mekundu, shati ni la Ijumaa. "Tunaweka fedha kwamba itashuka. Kuna njia ya kufanya hivyo kwenye mtandao. Ikishuka tunalipwa mara tatu. Tunarudisha kila kitu. Kila kitu! Safari hii haikwepi. Lazima."

"Wewe," Pua alisema, "mwezi uliopita ulipoteza kiasi gani?"

"Nini?"

"Za kwako mwenyewe. Kwenye simu yako hiyo. Uliweka fedha kwamba dola itashuka, ikapanda. Kiasi gani?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Goti la Mchoro likaruka mara mbili, likatulia. Kisha akapiga meza kwa kiganja mpaka kalkuleta ikaruka. "Zote! Basi, umefurahi? Akiba yangu yote ya mahari! Na ninazirudisha, mtake msitake! Haliwezi kunifanyia hivi soko, nimelisoma miaka sita!"

Kaka alimtazama mwanawe kama mtu aliyeamka akakuta kalala nyumba ya jirani. "Uliniambia huna hisia yoyote," alisema. "Uliniambia ni hesabu."

"Ni hesabu, Baba! Tia sahihi. Mara hii tu. Shangazi ana hasira kwa sababu hatukumsikiliza."

Na Kaka, jamani, akaishika kalamu. Aliyeuona ukweli bado alikuwa hataki kuuona. Alikuwa ameshamwona mwanawe anashindwa mara moja. Hakuwa tayari kumwona ameshindwa moja kwa moja. Nayo ni hisia hiyo, tena nzito kuliko zote, na wala haimo kwenye mstari wowote.

Pua alijua lililobaki. Kuomba, Kaka angesema ni moyo wa kike. Kumkumbusha kwamba alimwonya, angesema anamsimanga. Lilibaki neno moja tu ambalo Kaka hakuwa na jibu lake, na bei ya neno hilo ilikuwa kumpoteza kaka mwenyewe.

"Nina hasira, ndiyo," alisema. "Nilikuwa nazo hata Jumanne. Ukaniuliza hali, nikakwambia salama. Nilikuwa nawaka."

Kalamu ikasimama.

"Nilijua dola inapanda. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Na nilijua nikisema hasira sefu halifunguki. Nikasema salama makusudi. Nilitaka muanguke, Kaka. Nilitaka nikuone hivi ulivyo sasa."

"Makusudi," Kaka alisema.

"Makusudi."

"Duka la Baba."

"La Baba, na lako, na langu. Kwa neno moja, huruma. Mimi ndiye mwenye pua, nikalichoma kwa hasira ya asubuhi moja. Huyu naye analipiza kisasi kwa mstari. Na wewe unaona aibu kwa ajili yake. Hakuna mwenye kichwa baridi humu, sote tunaungua, na mnataka kumtia Mama kwenye moto huu. Tia sahihi basi! Lakini usiseme ni hesabu."

Kaka alinyanyuka. Alikuwa mtu mkubwa, na kiti kilianguka nyuma yake. Mkono ulipanda, na Pua hakurudi nyuma. Alitaka apigwe wakati uleule, yaishe. Mkono haukushuka. Ulibaki hewani, kisha ukaenda mezani, ukaichukua bahasha ya kahawia kabla vidole vya Mchoro havijaifikia, ukaisokomeza ndani ya shati.

"Baba—"

"Toka."

"Baba, saa sita bei ita—"

"Toka, nisije nikasahau nani alikuzaa!"

Mchoro alikumbatia skrini yake, waya ukiburuta sakafuni, akatoka. Mlangoni aligeuka, machozi yanamlenga, akamwambia shangazi yake, "Umetumaliza." Hakukosea sana.

"Na wewe," Kaka alisema. Sauti ilikuwa chini sasa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Usiniite kaka. Kwa muda. Sijui muda gani."

"Ulisema nilipewa kwa huruma."

"Nilisema!" alinguruma. "Nilisema, na ulikuwa uongo, na ulijua ni uongo! Sasa mimi nikalipie kwa mtaji wa miaka arobaini? Kwa nini hukunitukana tu? Matusi yote uliyonayo, ukashindwa kunitukana?"

Pua aliisogeza kalkuleta mahali pake.

Kaka akatoka nje akaupiga mlango. Pua akabaki amesimama katikati ya duka lisilo na bei. Akakiinua kiti kilichoanguka. Akabandua ile karatasi ya ukutani, akaichana mara mbili, akaona haitoshi, akaichana tena.

Kupitia kioo alimwona kaka yake amesimama kando ya barabara, mkono mmoja kifuani juu ya bahasha. Kushoto ndiko nyumbani. Hakwenda kushoto. Kulia hakuna kitu, na huko pia hakwenda. Alikuwa anafikiria uso wa Mama, Pua alijua. Alikuwa anafikiria atainyanyuaje ile pembe ya godoro bila kuulizwa alikuwa anatafuta nini. Jua la saa tano lilikuwa linampiga utosini, penye upara, na yule mwanaume mzima alikuwa amesimama tu kama nguzo iliyosahauliwa na waliokuja kuweka nyaya.

Ikampanda Pua hasira upya, ya kuona mtu anaiva bure.

Akainama kwenye tundu la kupitishia noti, akapiga kelele. "Wewe! Wewe usiyetaka kuitwa kaka! Jua kali. Ingia ndani, tugombane kivulini!"

"Nyamaza!" alijibu bila kugeuka.

Wapita njia wawili wakatazama. Kaka akafuta utosi kwa kiganja, akasogea hatua moja kuelekea kivuli cha duka, akasimama tena.